Nani Kamzaa Nani

Mwalimu hodari wa visasili vya Wagiriki utamjua kwa jambo moja: hana haraka ya kueleza. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la mwalimu wa namna hiyo, akiwafundisha wanafunzi wa fasihi Theogonia ya Hesiod, na hadi leo nauhusudu utulivu wake.

Utenzi huo, wenye mishororo zaidi ya 1,000, ulitungwa Ugiriki yapata mwaka 700 KK. Walimu wengi hukimbilia vita na radi za Zeus, wakairuka orodha ndefu ya majina. Yeye huanzia kwenye majina. Husoma kwa sauti, polepole: kwanza Chaos, kisha Gaia ambaye ndiye ardhi, kisha Tartaros na Eros. Halafu huuliza swali moja tu: nani kamzaa nani, na kwa nani?

Wanafunzi huchora ukoo huo ubaoni. Aliyezaliwa na wazazi wawili huunganishwa kwa chaki nyeupe. Aliyezaliwa na mzazi mmoja, kwa nyekundu. Gaia anamzaa Ouranos, yaani mbingu, bila mume, kisha milima, kisha bahari. Usiku naye, peke yake, anazaa Mauti, Usingizi, Uzee na Ugomvi. Wekundu unapojazana upande wa Usiku, darasa huanza kunong'ona: mabaya haya hayana baba! Hapo mwalimu huonyesha kwa kidole jina walilolipita. Katika uzao huohuo, Mapenzi yamekaa ubavuni mwa Hadaa. Hasemi zaidi. Angeeleza, mjadala ungefia hapo, akinyamaza, unawaka.

Kisha huja wafalme watatu. Ouranos anawazuia wanawe ndani ya tumbo la mama yao mpaka Gaia anaugulia kwa kubanwa, anatengeneza mundu na kumkabidhi Kronos, mwanawe. Kronos akishatawala, anawameza wanawe mmoja baada ya mwingine. Zeus anaponea Krete, kwa kuwa baba yake kapewa jiwe lililofungwa nguo za mtoto. (Msafiri Pausanias, katika karne ya 2 BK, alionyeshwa jiwe hilo huko Delphi, likimiminiwa mafuta kila siku.) Kisha Zeus mwenyewe anammeza mkewe Metis angali mjamzito. Mwalimu huwaacha wanafunzi wagundue wenyewe kwamba kila mfalme anapambana na tumbo la uzazi, na kwamba wa tatu ndiye aliyemmeza mama badala ya watoto.

Baada ya hapo ndipo huwaletea wimbo wa mungu Kumarbi, uliohifadhiwa kwenye vigae vya udongo vya Wahiti, katika nchi ya Uturuki ya leo, karne kadhaa kabla ya Hesiod. Humo Kumarbi anamng'ata mfalme wa mbinguni sehemu za siri, anazimeza, na Kumarbi, mwanamume, anashika mimba ya miungu. Mpangilio huu naupenda sana. Wimbo huu ungetangulia, wanafunzi wangemwona Hesiod mwigaji tu. Ukija mwisho, wanaurudia utenzi wake kwa macho mapya, wakifunua kurasa kutafuta pale Athena, mtoto yule wa Metis, anapotoka kichwani mwa Zeus, mwanamume mwingine aliyemeza akazaa.