Mgeni wa Viti vya Nyuma

Mtu anaweza kuajiriwa kuwa mhadhiri kwa shahada ya uzamivu juu ya minyoo ya kichocho au sheria za ardhi, asiwe amewahi kufundishwa kufundisha hata wiki moja. Vyuo vikuu vililiona pengo hili zamani. Kule Ann Arbor, Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua kituo cha kuwasaidia wahadhiri wake mwaka 1962, na tangu hapo vituo vya namna hiyo vimeenea, na warsha zake, kozi zake fupi na vyeti vyake. Warsha sina ugomvi nazo. Ila katika shughuli zote hizo ipo moja ninayoistahi kuliko nyingine: ya mshauri anayekwenda kukaa nyuma ya darasa la mwenzake.

Anakwenda kwa kualikwa. Hilo ni sharti, maana aliyetumwa na mkuu wa idara ni mkaguzi, na mbele ya mkaguzi kila mtu hufundisha vizuri. Kabla ya siku yenyewe wawili hao huongea: wanafunzi ni wa mwaka wa ngapi, mhadhiri anatatizwa na nini. Kisha mgeni anatafuta kiti nyuma, anafungua daftari, anaandika saa na tukio. Mzoefu utamjua kwa yale asiyoyaandika. Haandiki kwamba darasa limechoka. Anaandika kwamba ilipofika dakika ya 20, safu mbili za mwisho zilikuwa zimeweka kalamu chini. Haandiki kwamba mhadhiri hana subira. Anahesabu sekunde kati ya swali na mhadhiri kujijibu mwenyewe.

Hesabu hiyo ina asili yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi nchini Marekani, alisikiliza kanda zilizorekodiwa katika madarasa ya shule za msingi, akakuta walimu husubiri jibu kwa kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi wakajitokeza. Sekunde tatu ni ndefu ajabu kwa aliyesimama mbele ya watu. Kwetu swali lenyewe mara nyingi ni "Tumeelewana?", nalo huja na jibu lake: "Ndiyooo!" Mgeni huliandika hilo pia, ila halihesabu kuwa swali.

Baada ya hapo mhadhiri hutoka, na sehemu ngumu huanza. Utaratibu wake ulibuniwa na Joseph Clark wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, miaka ya 1970 ikielekea mwisho. Wanafunzi hukaa katika vikundi vidogo, wakajibu mambo matatu: nini kinawasaidia kujifunza katika kozi hii, nini kinawakwamisha, na wangependa kibadilishwe nini, kwa namna gani. Hufanywa katikati ya muhula, ili aliyesema afaidi. Dodoso la mwisho wa muhula ni uchunguzi wa maiti: sababu utaijua, mgonjwa humrudishi.

Kikundi kinasoma karatasi yake: "Mwalimu anakimbiza." Mtu wa haraka angeliandika hivyo hivyo akasonga mbele. Mshauri anauliza: anakimbiza wapi? Anapoeleza, au anapokokotoa? Mmoja anasema anapoeleza, mwingine anapinga, wa tatu anakumbuka kwamba slaidi hubadilishwa kabla hawajamaliza kunakili mchoro. Mikono inanyooshwa, na inaonekana kasi ya maneno haimsumbui karibu mtu yeyote. Shida ni michoro. Hapo lalamiko limegeuka kazi inayoweza kufanyika kesho. Na yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, aliyedai kwa niaba ya darasa zima kwamba mifano imezidi, anaona kwa macho yake kwamba walio upande wake ni wawili.

Kisha wanakutana faragha, mshauri na mhadhiri. Maoni yamechapwa upya ili mwandiko usimtaje mtu, na nakala haiendi kwa mkuu wa kitivo. Yanayosaidia hutangulia. Nilidhani ni adabu tu, lakini kuna sababu nzito zaidi: mhadhiri aliyechomwa na lawama huweza kubomoa hata kile kilichokuwa kinafanya kazi. Mshauri mzuri pia hujua kunyamaza mwenzake anaposoma ukurasa wa pili, asikimbilie kumpa dawa.

Kipindi kinachofuata mhadhiri hulijibu darasa waziwazi. Slaidi zenye michoro zitatolewa siku moja kabla. Maswali yatapewa muda. Mtihani wa insha hautageuzwa kuwa wa kuchagua A, B au C, na anaeleza kwa nini, huku safu za nyuma zikiguna.