Mikono ya Wangeci

Kamati ya harusi ilikutana Waithaka, kwenye sebule iliyojaa viti vya kuazima. Wanaume walijadili hema na magari. Bibi harusi mtarajiwa alizunguka na thamosi akitumiminia chai. Nikakumbuka mchezo mmoja wa jukwaani.

Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, ulifunguliwa Kamirithu, Limuru, tarehe 2 Oktoba 1977. Serikali iliupiga marufuku katikati ya Novemba. Wengi huusifu kwa siasa yake. Mimi humsifu fundi aliyejua kuanzia jikoni. Wageni matajiri wanangojwa, na Wangeci, mama wa nyumba, yumo mbioni na chakula chao. Hajasema mengi, lakini mwigizaji hodari akiwa na kisu na sufuria keshatueleza ndoa yake ni kazi kiasi gani, nani anaogopwa humo ndani, na nani atalala njaa.

Jina lenyewe la mchezo lina mtego. Kwa Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda. Katika Kikuyu pia kitenzi hicho ni cha mwanamke, ila mchezoni anayekiimba ni mlevi, mwanamume! Gathoni, bintiye Wangeci wa kuolewa, hapati nafasi ya kupenda wala kukataa. Wazazi wake wanashawishiwa na Kioi, mmoja wa wageni wale matajiri, watakase ndoa yao kwa harusi ya kanisani, wakidhani anamtaka binti kwa mwanawe. Ili kuigharamia, wanaweka rehani ekari yao moja na nusu. Binti anapewa mimba na kuachwa, shamba linakwenda.

Hapo nina ugomvi na waandishi. Gathoni anafukuzwa na baba, anaishia kuhudumu baa, na mchezo unaendelea na shamba kana kwamba yeye ni hasara ndogo. Ilibidi tungoje tamthilia ya Natala ya Kithaka wa Mberia, 1997, tumwone mjane akikataa katakata kurithiwa na shemeji.

Lakini gitiiro! Harusi ya kale inapoigizwa, wanawake wanajibizana kwa nyimbo, wanapandisha bei, wanatania, wanadai. Wanakijiji wa Kamirithu ndio walioleta nyimbo na kuwasahihisha wasomi hao wawili, na unasikia: kalamu haikuweza kupata ulimi ule peke yake. Mchezo uliporudi jukwaani, katika Kenya National Theatre, mwaka 2022, hiyo ndiyo sehemu niliyoisubiri.

Waithaka nayo ni jina linalobeba ithaka, mashamba ya ukoo, ingawa sasa mashamba mengi yamekuwa ploti za nyumba za kupanga. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amefika kwenye mkopo wa kulipia ukumbi. Bibi harusi aliweka thamosi sakafuni, akavuta kiti, akaketi katikati yetu.

"Mkopo kwa jina la nani?" akauliza.