Kitufe Kinachojieleza

Katika steshenari za Arusha, zile zilizojibana kando ya Barabara ya Sokoine, mchapaji mzoefu utamjua kwa mkono wake wa kulia: haukimbilii mausi. Mteja kaegemea kaunta na barua yake ya maombi ya kazi, mara badilisha tarehe, mara koleza kichwa, mara toa kopi tatu, na yote hayo yanamalizwa kwenye kibodi. Muulize kajifunzia wapi. Atakwambia alimchungulia mwenzake. Ni nadra kumpata anayesema alisoma orodha ya njia za mkato iliyomo ndani ya programu, na simlaumu. Orodha nyingi zimelala tu. Herufi safu hii, maana safu ile; unasoma, unafunga, unasahau.

Wapo mafundi waliokataa kuiacha ilale, nao ndio ninaotaka kuwasifu.

Emacs, kihariri cha maandishi chenye asili yake MIT, Marekani, mwaka 1976, kina mtindo huu: bonyeza Kontroli na H, kisha K, halafu kitufe chochote ukitakacho. Badala ya kutii, kitufe hicho kinajieleza, kinaita amri gani na amri hiyo hufanya nini. Office ya 2007 nayo, ukigusa Alt, herufi huchomoza juu ya vitufe vya menyu, kila kimoja na yake, na unaendelea na kazi humohumo.

Lakini kwangu kilele ni NVDA, programu ya bure inayowasomea wasioona yaliyomo kwenye skrini. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni. Bonyeza Insert na 1, kibodi nzima inageuka uwanja wa mazoezi. Kila kitufe unachogusa kinatajwa jina, na kama kina kazi katika NVDA, kazi hiyo inaelezwa, bila kutendeka. Hakuna kinachofutwa, hakuna dirisha linalojifunga. Huko Tengeru, chini ya Mlima Meru, kipo Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Mwalimu wa aina hiyo hahitaji kuhubiriwa: mtoto asiyeona humwambii “tazama hapa”. Unamwacha apapase kila kitu, mradi kosa lake lisimgharimu.

Anayepanda Meru kutokea lango la Momella haachiwi kibao cha maelekezo akaambiwa kila la heri; hupewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana nyati hawasomi vibao. Msaada wa kibodi nao unapaswa kutembea na mtu.

Kuutengeneza ni kazi ya subira. Mwaka 2016 GTK 3.20, zana ya kujengea madirisha ya programu, iliwapa watunzi wa programu za Linux dirisha la njia za mkato lililo tayari, tena lenye sehemu ya kutafutia. Ni hatua nzuri, ila orodha yake mara nyingi huandikwa pembeni, mbali na mahali vitufe vinapofungwa na amri zake. Siku amri inapohamishiwa kitufe kingine na orodha ikasahaulika, msaada unaanza kusema uongo. Fundi makini huchota orodha kwenye jedwali lilelile linaloendesha programu. Hufifisha njia zisizofanya kazi kwa wakati huo. Hukuruhusu kubofya mstari na amri ikatendeka, au kubonyeza kitufe na mstari wake ukajitokeza.

Halafu kuna suala la kutoka, ambalo wengi hulikumbuka mwishoni. Kwa kawaida Esc inatosha. Ndani ya mazoezi ya NVDA, hata Esc hutajwa jina tu, kwa kuwa nayo ni kitufe ambacho mtu huenda anakitafuta. Kutoka ni kurudia Insert na 1. Wapo watakaoona huo ni usumbufu. Mimi naona watunzi wake waliahidi kwamba hakuna kitufe kitakachotenda, na hawakutaka kuanza kuhesabu vighairi.