Nani Anajaza Ukuta wa Bamako

Mwaka 2015 maonyesho ya upigaji picha ya Bamako yalirudi, baada ya toleo la 2013 kufutwa kutokana na mapinduzi ya 2012 na vita vya kaskazini mwa Mali. Walioomba nafasi walikuwa zaidi ya 800. Waliotundikwa katika maonyesho makuu ya bara zima, ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Mali, walikuwa 39, takriban mmoja kati ya kila 20. Mengi yamesemwa kuhusu vipaji vya hao 39, na wanastahili. Mimi nataka kuuangalia mchujo wenyewe, kwa sababu maonyesho ya namna hii yanazidi kuandaliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na mara nyingi tunabishana kuhusu washindi bila kugusa kanuni zilizowazaa.

Bamako ina hatua tatu. Kwanza hutoka tangazo la kuita kazi. Kisha mkurugenzi wa sanaa na wenzake huchuja yaliyofika. Mwaka ule alikuwa Bisi Silva wa Lagos, akisaidiwa na Antawan Byrd na Yves Chatap, na mada yao ilikuwa wakati. Mwisho, picha zikiwa tayari ukutani, jopo la kimataifa huzipitia na kutoa tuzo katika wiki ya ufunguzi, kubwa kuliko zote ikiwa ile yenye jina la Seydou Keïta, mpiga picha wa studio wa Bamako. Macho ya watu hukodolea hatua ya tatu. Kwa maoni yangu uamuzi mzito zaidi hufanyika katika ya kwanza. Ukubwa wa macho ya wavu huamua samaki kabla mvuvi hajatia mkono majini.

Tazama swali la nani ni wa eneo. Maonyesho ya kikanda yanaweza kulijibu kwa makazi, kwa uzawa au kwa mahali picha ilipopigwa, na kila jibu huleta ukuta tofauti. Bamako, iliyoanzishwa mwaka 1994 na wapiga picha wawili Wafaransa, Françoise Huguier na Bernard Descamps, imefungua mlango kwa Waafrika popote walipo, pamoja na wenye asili ya Afrika walio ughaibuni. Mwaka 2011 tuzo ya Seydou Keïta ilikwenda kwa Pieter Hugo wa Afrika Kusini, kwa picha alizopiga Agbogbloshie, jalala la vifaa vya umeme jijini Accra. Kama tangazo lingesema kila mtu apige nchini kwake, kazi ile isingefika mezani, na hakuna jaji ambaye angejua kuwa imekosekana.

Jambo la pili ni kipimo cha kazi yenyewe: anahukumiwa mtu kwa picha moja au kwa mfululizo? Hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu. Mashindano mengi ya kwetu huomba picha moja. Jaji anaitazama kwa sekunde chache, na ndani ya sekunde hizo inayomshika ni ile iliyosema kila kitu papo hapo: jahazi na machweo, mtoto anayecheka, morani angani. Picha hizo si mbaya. Tatizo ni kwamba kanuni imezipa upendeleo hata kabla ya shindano kuanza, na mpiga picha mwenye akili huisoma kanuni, akapiga kinachotakiwa.

Chukua kazi ya Sammy Baloji wa Lubumbashi iitwayo Mémoire, iliyompatia tuzo mbili Bamako mwaka 2007. Baloji alikwenda kwenye viwanda vya shaba vya kampuni ya Gécamines vilivyochakaa, akavipiga kwa rangi katika picha ndefu za mlalo. Kisha akachukua picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni, akawakata humo wafanyakazi na mabwana wa Kibelgiji, akawasimamisha juu ya magofu yale. Hakuwapaka rangi. Wamebaki weusi na weupe, na ukingo wa mkato unaonekana ukisogea karibu. Mandhari nyuma yao ina kutu, vumbi na mbingu ya leo. Ukiona moja tu, utasema ni fundi hodari wa kompyuta. Ukiona ya tatu, ya nne, ya saba, mbinu yenyewe inatoweka na unabaki na watu waliojenga kitu ambacho hakipo tena, wamerudishwa mahali walipofanyia kazi. Hoja yake imo katika kurudiwa, na picha moja haiwezi kurudia.

Ndivyo ilivyo pia kwa Uche Okpa-Iroha wa Nigeria, aliyeshinda tuzo ya Seydou Keïta mwaka 2009 na tena mwaka 2015. Katika The Plantation Boy alijiingiza mwenyewe ndani ya matukio ya filamu The Godfather, mtu mweusi aliyeketi katikati ya familia ya majambazi wa Kitaliano kana kwamba alikuwapo tangu mwanzo. Tukio moja lingechekesha. Anapoendelea kutokea, tukio baada ya tukio, mtazamaji analazimika kujiuliza kwa nini sinema ile ilifaulu kutokuwa naye.

Kazi hiyo inagusa pia suala la kuficha majina. Majopo mengi hufuta jina la mpiga picha ili kuondoa upendeleo, na nia ni njema. Lakini uso wa Okpa-Iroha umo ndani ya picha zake, na ulimwengu wa wapiga picha wa bara letu bado ni mdogo kiasi kwamba wanaohukumu huwajua wengi kwa mkono wao. Kuficha jina husaidia kwa chipukizi. Kwa wenye majina, kinga ya kweli ni jaji kutangaza uhusiano alio nao na kukaa pembeni wakati kazi hiyo inajadiliwa.

Sasa alama. Chukua jopo la watu watano wanaotoa alama kutoka 1 hadi 10. Mfululizo wa kwanza unapata 7 kwa kila jaji, jumla 35. Wa pili unapata 10, 10, 9, 3 na 2, jumla 34. Kwa hesabu ya kujumlisha, wa kwanza unaingia, wa pili unabaki nje. Wa kwanza haukumkera mtu, wala haukumkosesha mtu usingizi. Wa pili uliwafanya majaji watatu kuupigania na wawili kuukataa kabisa, na kazi ya aina hiyo ndiyo watu huja makumbusho kuigombania. Ukuta uliojazwa kwa wastani huwa na kazi safi, zenye adabu, na mgeni humaliza ukumbi bila kusimama popote.

Dawa yake haina gharama. Mratibu akokotoe tofauti kati ya alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kila kazi, na zile zenye tofauti kubwa zirudi mezani zizungumzwe. Isitoshe, kila jaji apewe nafasi moja ya kuokoa kazi anayoiamini, bila kura, ilimradi asaini sababu zake. Uchovu nao uingizwe kwenye hesabu. Faili 800 zenye picha 10 kila moja ni picha 8,000. Ukizipa sekunde tano tano, ni zaidi ya saa 11 za kutazama bila kunyanyua kichwa. Faili namba 12 inaonwa na macho ya asubuhi, namba 700 na macho mekundu. Kila jaji apangiwe mfuatano wake tofauti, ili uchovu usimwangukie mwombaji mmoja kwa watu wote watano.

Swali la nani akae joponi ni la zamani. Maonyesho ya picha ya Philadelphia ya mwaka 1898, katika chuo cha sanaa cha Pennsylvania Academy of the Fine Arts, yalikuwa na wachoraji na wapiga picha mezani pamoja. Mwaka uliofuata majaji wote watano walikuwa wapiga picha, akiwamo Gertrude Käsebier na Clarence White. Mimi naona mchanganyiko ni bora, mradi awepo angalau mmoja anayejua kuchapa.

Namtaka huyo wa kuchapa kwa sababu jaji huona kazi kwenye kioo cha kompyuta na mgeni huiona kwenye karatasi. Historia ya Keïta mwenyewe inaonyesha umbali uliopo kati ya viwili hivyo. Katika studio aliyoifungua Bamako mwaka 1948, wateja walipokea picha za sentimita 13 kwa 18, zilizochapwa kwa kulaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi. Zilikuwa za kushikwa mkononi, za kutumiwa shangazi. Miaka ya 1990 negativu zilezile zilikuzwa Ulaya hadi ukubwa wa kujaza ukuta wa makumbusho, weusi wake ukakolezwa, na maua ya vitambaa yakawa makubwa kuliko viganja. Mtu ni yuleyule, negativu ni ileile, lakini macho yanasoma kitu kingine. Kwa hiyo duru ya mwisho ifanywe kwa picha zilizosafishwa, hata kama ni ndogo na za majaribio. Kioo huficha punje na ukungu ambavyo vitajitokeza vyote picha ikifika mita moja.

Kuhusu kutundika sina mengi: katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, taa iwe hafifu, dirisha la jua lizibwe. Makumbusho ya Bamako, yaliyosanifiwa na Jean-Loup Pivin kwa kufuata ujenzi wa udongo wa Mali, yana kuta nene, na jua la huko si la kufanyiwa mzaha.

Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya tuzo zake, Baloji na wenzake walianzisha Picha, tukio la sanaa ambalo leo ni biennale ya Lubumbashi, katika mji unaozungumza Kiswahili. Ningependa waandaaji wa ukanda wetu, wanapoandika tangazo lijalo, waombe mfululizo wa picha 10 hadi 15 na waliandike kwa Kiswahili pia. Waruhusu maelezo ya kazi kwa lugha anayoiwazia mpiga picha, hata kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Kuna mpiga picha wa harusi Kigoma mwenye miaka mingi ya kazi ndani ya diski moja, na kwa tangazo la sasa anaishia mlangoni kwa sababu ya aya tatu za Kiingereza.