Fonimu za Likasi na Kipimo cha Pwani

Mtazamo unaoyahesabu matamshi ya Likasi kuwa makosa, yaani “kiloko” kwa “kidogo” au “samani” kwa “thamani”, una kasoro ya kimsingi: unaainisha konsonanti za lahaja moja kwa kipimo cha nyingine. Fonimu huthibitishwa kwa upambanuzi wa maana ndani ya usemi wenyewe. Katika Kiswahili sanifu, jozi “thamani” na “samani” hutenganisha kikwamizo cha meno na cha ufizi. Katika Kiswahili cha Katanga, ambacho Edgar Polomé alikichambua Lubumbashi katika makala yake ya 1968, /s/ huchukua nafasi zote mbili. Mwalimu anayelielewa hilo hufundisha upambanuzi mpya. Asiyelielewa huadhibu ulimi wa mtoto.