Kikwapa cha Joho

Kabla hajagusa kitambaa, fundi anamwambia mwanakwaya anyanyue mikono. "Imba, mama. Imba kama Jumapili." Mama anacheka, anaona haya kuimba barazani huku watu wakipita, lakini mwishowe anatoa ubeti mmoja na mikono inapanda yenyewe. Hapo ndipo fundi anapopitisha futi yake: kwapani hadi kiunoni, begani hadi kifundo cha mkono, mkono ukiwa bado juu. Anaandika kwenye daftari kwa penseli fupi iliyochongwa kwa wembe. Mafundi wengi humpima mtu akiwa amesimama wima kama askari. Huyu humpima akiwa katika kusifu.

Nilikaa kando ya cherehani yake siku kadhaa, kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Moshi, Pasaka ikikaribia. Kwaya moja ya mtaani ilikuwa imeagiza majoho 30 ya sateni, rangi ya damu ya mzee. Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza habari za gauni langu tu. Nikakaribishwa kiti, na kesho yake nikarudi bila kuwa na la kuuliza.

Sateni haimpendi mwenye haraka. Inateleza mezani kama samaki, nyuzi zake zinachomoka ukingoni mara tu mkasi unapopita, na tundu la sindano likishaingia halifutiki. Tena ina kichwa na miguu. Ukiishika hivi inang'aa, ukiipindua juu chini inafifia, na mtu asiyejua atadhani ni vitambaa viwili. Fundi anayetaka kubana matumizi hupanga vipande kichwa kwa miguu, kwa kuwa mkono wa joho ni mpana juu na mwembamba chini, na ukivilaza hivyo unaokoa kitambaa cha kutosha. Huyu alivipanga vyote vikielekea upande mmoja. Alikitandaza kitambaa, akakilaza kwa kiganja, akatafuta mtande, zile nyuzi ndefu zinazokwenda na urefu wa jora, akahakikisha kila badani imekatwa sambamba nazo. Nguo iliyokatwa upogo hupinda baada ya kufuliwa mara mbili. Pindo linakwenda upande, na aliyeivaa anashinda akijivuta bila kujua kosa liko wapi.

Shingo ndiyo iliyonishika zaidi. Mara tu alipomaliza kukata tundu la kichwa, kabla ya kuunga mabega, alipitisha mshono mmoja peke yake kuuzunguka mviringo ule. Niliuliza unaunga nini na nini. Hauungi kitu, alisema. Unalizuia tundu lisitanuke wakati yeye mwenyewe akilishikashika katika kazi iliyobaki. Kisha akakata utepe wa kaba kwa mshazari, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari hukubali kufuata mviringo, lakini kilichokatwa kwa kufuata nyuzi hukataa na kukunjamana. Akaushona, akauchanja ukingo kwa ncha ya mkasi hapa na pale ili ulale, akaugeuza ndani, akapiga pasi, akavaa subana kidoleni na kuumalizia kwa mkono. Utepe ukiuvuta wakati wa kushona, shingo inajikusanya. Ukiulegeza, inabenuka. Katikati ya hayo mawili pana kipimo ambacho hakimo katika daftari lolote, kiko katika vidole.

Jioni ile nilifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 28. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kwa kuirukia, maana ina orodha ndefu ya mavazi ya Haruni. Safari hii niliisoma kama mtu aliyetoka barazani. Mungu anamwelekeza Musa jinsi joho la kuhani litakavyoshonwa, na anapofika shingoni anaagiza tundu la kichwa lizungushiwe utepe uliosukwa, ili lisichanike. Nilikaa na mstari huo muda mrefu. Mlimani Sinai, pamoja na amri na agano, Mwenyezi Mungu anazungumzia kaba. Na mwanzoni mwa sura hiyo hiyo, kabla hata Bezaleli, fundi wa hema la kukutania, hajatajwa, wanaosemwa kuwa Mungu amewajaza roho ya hekima ni mafundi nguo, wale watakaomshonea Haruni. Bezaleli na Oholiabu wanafuata katika sura ya 31, na Oholiabu naye alikuwa hodari wa taraza, wa kazi ya sindano na nyuzi za rangi.

Makanisani kwetu mtu akitangaza kwamba kila mwenye kipawa akilete madhabahuni, wanaoinuka ni waimbaji, wapiga kinanda, wahubiri vijana. Sijawahi kumwona fundi cherehani akiinuka. Nadhani tumekosea, na kosa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Tumeiweka ibada mahali inapoonekana, tukawafundisha watu wenye mikono ya dhahabu kwamba Jumatatu mpaka Jumamosi wako nje ya uwanja wa kanisa, wakisubiri Jumapili waje watazame wengine wakiabudu.

Siku ya tatu alifika kwenye makwapa. Joho la kwaya kwa kawaida hukatwa pana ili kumtosha kila mtu, na upana huo hudhaniwa kuwa dawa ya kila kitu. Siyo. Mikono ikinyanyuka, joho zima hunyanyuka nayo, mapindo yanapanda juu, na uzito wote unavutia sehemu moja, pale mshono wa ubavu unapokutana na mshono wa mkono. Ndipo linapochanikia. Na kwaya zetu haziimbi zikiwa zimejikunyata. Wanapiga hatua, wanayumba, wanainua mikono. Wazee wa pwani walilijua jambo hili katika kushona kanzu: chini ya mkono waliweka kikwapa, kipande cha mraba kilichosimamishwa kwa pembe, pembe moja ikielekea mkononi na nyingine ubavuni. Kipande chenyewe hukatwa sawa na nyuzi, lakini kikisimamishwa hivyo, mshazari wake ndio unaofuata mnyanyuko wa mkono, nao ndio unaonyumbuka.

Vikwapa 60, na kila kimoja kina pembe nne. Pembe ndiyo mtihani. Alishona mpaka nukta ya mwisho, akaacha sindano imezama kitambaani, akainua mguu wa cherehani, akageuza kitambaa, akaushusha, akaendelea. Ukizidisha hatua moja ya sindano panakunjamana, ukipunguza moja panabaki tundu. Aligeuza gurudumu kwa mkono, si kwa kanyagio, hatua moja moja. Hakuwa akizungumza wakati huo, nami nilijifunza kunyamaza. Sikumsikia akiomba kwa sauti wala akiimba pambio. Alikuwa anashona pembe, na moyo wake wote ulikuwa pale sindano ilipokuwa. Kama hiyo si ibada, basi sijui neno hilo lina maana gani.

Katika joho la kumi na kitu, alisimama ghafla. Alilichukua, akatoka nalo juani, akaligeuza huku na huku. Mkono wa kushoto ulikuwa umefifia kidogo. Kipande kiligeuka juu chini wakati wa kukata. Mimi niliuona baada ya kuonyeshwa. Kuufumua na kuushona tena ule ule kungeacha msururu wa matundu ya sindano, kwa hiyo aliutoa mkono wote kwa wembe, taratibu, akakata mwingine kutoka kwenye kitambaa kilichobaki. Hicho kilichobaki ndicho kinachowapa mafundi jina baya mitaani. Watu husema hakirudi kamwe. Cha kwake kiliingia kwenye mkono ule, na vilivyosalia alivifunga kwenye furushi na kumkabidhi mwalimu wa kwaya pamoja na majoho. Nilikumbuka mafundi wa hema la kukutania, katika Kutoka 36, walioacha kazi wakaenda kumwambia Musa kwamba watu wanaleta vitu kupita kiasi, awazuie. Wangeweza kunyamaza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halipendezi. Kuna kwaya niliyowahi kuwamo ambayo ilimshonesha fundi mwingine, ikachelewesha malipo yake miezi, kisha ikamwambia ahesabu salio kuwa sadaka. Mstari uliotumiwa ni ule wa Wakolosai 3, wa kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana. Mstari huo Paulo aliwaandikia watumwa, watu ambao mikono yao haikuwa mali yao, na yeye mwenyewe alikuwa mshona mahema aliyefanya kazi pamoja na Akila na Prisila kule Korintho. Alikuwa anawapa heshima ambayo bwana zao hawakuwapa. Na mwanzoni tu mwa sura ya 4 anawageukia mabwana na kuwaagiza watoe yaliyo haki na adili. Anayeusoma wa kwanza akafunga kitabu kabla ya wa pili, amemwibia fundi mara mbili: fedha yake, na ibada yake pia.

Yuko Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume 9. Alipokufa, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hakuna hotuba iliyosomwa. Walishika nguo. Nawaza kwamba wakati wakimwonyesha, kila mmoja alijua nguo yake ilimkaaje, na kwamba kuna aliyewahi kufikiri juu ya mabega yake, urefu wake, namna anavyoinama kuchota maji. Nguo zile hazikuwa za madhabahu. Zilikuwa za kuvaa siku zote, za wanawake wasio na wa kuwavika.

Jumapili ya Pasaka nilikaa safu za nyuma. Kwaya ilisimama, na kwenye kiitikio mikono ikapanda pamoja. Nilitazama chini, kwenye mapindo. Hayakupanda. Yalibaki pale pale juu ya viatu, mstari mmoja. Fundi alikuwa kwenye benchi la tatu, akiimba kiitikio kwa sauti ya kawaida, mwanawe mdogo amelala magotini pake.

Baada ya sikukuu nilipita kuchukua gauni langu. Alikuwa na mvulana mbele yake, wa kupimwa shati la shule, kitambaa cheupe cha bei ya chini kabisa dukani. Futi ilikuwa shingoni mwake, penseli sikioni.

"Nyoosha mkono juu, mwanangu," alimwambia. "Kama unajua jibu."