"Kipindi cha Imani" au Mipaka ya Makadirio?

Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, lililofanywa kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano katika kijiji cha Idete, bonde la Kilombero. Ufanisi wa chanjo ulikadiriwa kuwa asilimia 31, na mipaka ya makadirio hayo, kwa kiwango cha asilimia 95, ilikuwa 0 na 52. Sentensi hii ni fupi, lakini ni mtihani mgumu kwa istilahi zetu.

Katika Kiswahili cha ofisini, ufanisi ni sifa ya kazi iliyofanywa vyema. Mzazi aambiwapo "ufanisi wa asilimia 31" huelewa kwamba katika kila watoto mia waliochanjwa, 31 wamekingika. Sivyo. Maana yake ni kwamba pale ambapo wangeugua watoto 100 wasiochanjwa, katika kundi la ukubwa uleule lililochanjwa wangeugua 69. Hiyo 31 ni sehemu ya wale ambao wangeugua, wala si sehemu ya watoto wote. Kwa hiyo twaona afadhali kusema "punguzo la ugonjwa", kwani neno punguzo humlazimu msemaji kutaja kilichopunguzwa.

Kosa kubwa zaidi limo katika ile 95. Mtafsiri ashikaye kamusi peke yake ataandika "kipindi cha imani". Kipindi ni cha wakati, na imani ni ya msikitini na kanisani. Hapa hakuna hata kimojawapo. Mwingine atafafanua kwamba "kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa ufanisi uko kati ya 0 na 52." Maelezo haya yanapendeza masikioni, lakini yanapotosha. Ufanisi wa kweli ni mmoja, haurukiruki. Kinachobadilika ni mipaka, kwa kuwa kila sampuli huzaa yake. Kama jaribio lingerudiwa mara nyingi kwa njia ileile, katika kila mara 100, mipaka ingeuzingira ukweli takriban mara 95. Kwa sababu hiyo twapendekeza "mipaka ya makadirio", pamoja na "mpaka wa chini" na "mpaka wa juu".

Na mpaka wa chini ndio wenye habari. Wa Idete uligusa sifuri, yaani matokeo hayakupingana na chanjo isiyokinga chochote. Huko Gambia, mwaka 1995, chanjo hiyohiyo ilikadiriwa kukinga kwa asilimia 8, na mpaka wa chini ukashuka hadi 18 chini ya sifuri. Linganisha na dawa ya kinga waliyopewa watoto wachanga wa Ifakara siku za chanjo zao za kawaida: matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha punguzo la asilimia 59, kwa mipaka ya 41 na 72. Mwandishi wa taarifa anayenakili 31 na 59 tu, akaiacha mipaka, amemnyima mganga wa zahanati kile hasa alichohitaji kujua.

Limebaki neno "bahati nasibu" kwa maana ya kuwagawa watoto katika makundi. Wananchi hulijua kwa tikiti na zawadi, na mama ambaye mwanawe aliangukia kundi lisilochanjwa atadhani ameshindwa. "Kura" yatosha.